UZI: Redio ile ile hufariji asubuhi na kuvunja heshima jioni. Anayesemwa atajibia wapi?

Mwalimu wa Kibokoni (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote.

Nilifundisha Kiswahili hapa Mombasa kwa miaka mingi, na karibu kila mwaka niliwaandikisha wanafunzi wangu insha ya faida na hasara za vyombo vya habari. Kila mwaka nilisahihisha madaftari yanayofanana: faida tano, hasara tano, na hitimisho kwamba hakuna chenye faida kisichokuwa na madhara. Nilitoa alama nzuri. Leo naona kwamba insha ile haikugusa kiini cha jambo, kwa sababu haikuuliza kwa nini redio ile ile, juu ya kabati lile lile, imsaidie mtu asubuhi na imvunjie heshima jioni. Nimefungua uzi huu ili tulijadili swali hilo kwa makini.

Bibi yangu aliishi Kibokoni, katika nyumba ambayo dirisha lake lilitazama uchochoro mwembamba kiasi kwamba jirani wa upande wa pili aliweza kumpitishia bakuli la mchuzi kwa mkono. Redio yake ilifunikwa kitambaa, na betri zilipochoka alizianika juani dirishani hadi zipate nguvu kidogo. Siku moja baada ya Adhuhuri, akiwa anashona kofia, tanzia zikaanza kusomwa. Akasikia jina la somo yake wa Kisauni, rafiki wa tangu utotoni, na kwamba maziko yangekuwa baada ya swala ya Alasiri. Aliichoma sindano kwenye kofia pale pale alipofikia, akavaa buibui, akanishika mkono, na tukafika Kisauni jeneza halijatolewa nyumbani. Kwetu sisi maiti hacheleweshwi. Habari ya kifo ikikawia kwa saa tatu tu, mtu hukosa kumwona mwandani wake kwa mara ya mwisho.

Utotoni sikujiuliza kwa nini tangazo lile liliaminika bila shaka yoyote. Liliaminika kwa sababu lilipelekwa redioni na jamaa wa marehemu, aliyetaja jina lake, mtaa wake na msikiti wa kuswalia. Lau lingekuwa la uongo, watu wangejua mlango wa kubisha. Ndivyo zilivyokuwa habari za barazani pia: aliyekuja kwenye kahawa na kusema kwamba fulani amefilisika, fulani mwenyewe angeweza kutokea kabla kikombe hakijamalizika, na msemaji angelazimika kuyarudia maneno yake mbele ya macho yake. Hata katika siku za Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, washairi wa Mombasa na wa Lamu walipochokozana, shairi lilijibiwa kwa shairi, na hadhira iliyolisikia la kwanza ililisubiri la pili.

Sasa nitaeleza lililotupata sisi. Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu, seremala, alikamatwa usiku wa Alhamisi katika msako pamoja na vijana wengine aliokuwa amekaa nao maskani. Jumamosi aliachiliwa bila shtaka lolote, na polisi wakaandika barua ya kuthibitisha hivyo. Lakini jioni ya Ijumaa, katika taarifa ya habari ya saa moja, kituo kimoja cha televisheni, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimekwisha kuonyesha uso wake kama mmoja wa genge la vijana wanaokata watu kwa mapanga. Jumatatu mteja alikuja karakanani na mkokoteni kuuchukua mlango ambao kijana alikuwa bado anauchonga. Nusu ya mlango ilikuwa na maua na nusu ilikuwa ubao mtupu, na mteja aliuchukua vivyo hivyo bila kusema neno.

Dada yangu alikwenda kwenye ofisi ya kituo hicho hapa mjini akiwa na barua ya polisi ndani ya bahasha ya kaki. Aliambiwa kwamba mhariri yuko Nairobi. Alirudi mara tatu. Siku ya tisa kituo kilisoma masahihisho ya sentensi moja, bila picha, saa tano na dakika arubaini usiku. Nilikuwa macho kwa sababu dada alinipigia simu. Jirani zetu wote walikuwa wamelala.

Hapo ndipo nilipopata ninachoamini hadi leo. Kipimo cha kwanza cha chombo cha habari ni hiki: je, mtu anayesemwa ana njia ya kujibu? Ukaribu ule wa barazani ukiondoka na usiwekwe kitu cha kuziba pengo lake, sauti inayofika mbali inakuwa hatari kwa sababu ile ile inayoifanya iwe na manufaa. Watunzi wa Katiba ya mwaka 2010 walilijua hili. Wengi wetu tunazikumbuka Ibara ya 33 na ya 34 kuhusu uhuru wa kujieleza na uhuru wa vyombo vya habari, lakini Ibara ya 35, kifungu cha pili, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au inayopotosha ambayo inamwathiri. Kanuni za maadili za wanahabari nazo zinataka masahihisho yatolewe upesi na mahali yanapoonekana. Saa tano na dakika arubaini usiku si mahali panapoonekana.

Mji wetu una historia ndefu katika jambo hili, na naomba mnivumilie kidogo. Gazeti ambalo baadaye lilihamia Nairobi na kuwa *Standard* lilianzia hapa Mombasa mwaka 1902, likiitwa *African Standard*, na mwanzilishi wake alikuwa mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake ya *Sahifa*, na mwaka 1932 akaanzisha *Al-Islah*, akiwahimiza Waislamu wa pwani kujiendeleza kwa elimu na kuziacha desturi alizoziona kuwa mzigo kwao. Aliwakosoa watu wa mji wake mwenyewe kwa maneno makali. Hata hivyo, aliyekerwa na maandishi yake angeweza kukutana naye msikitini siku hiyo hiyo. Alikuwa na chombo cha habari na wakati huo huo alikuwa jirani, na mimi nadhani ujirani ule ndio ulioyapa maandishi yake uzito.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wale ambao jambo hili limewagusa.

---

Mpishi wa Bamburi

Wa alaikum salaam, Mwalimu. Pole sana kwa yaliyomkuta kijana. Mimi nitaleta upande ambao hukuutaja, nao ni madhara ya habari ambayo haikuwa ya uongo.

Mnamo Mei 2014 nilikuwa mpishi katika hoteli ya ufuo wa kaskazini. Kulikuwa na mashambulizi ya kigaidi, na hilo hakuna anayelikana. Serikali ya Uingereza ikawaonya raia wake wasije Mombasa bila sababu ya lazima, na kampuni za utalii zikaleta ndege kuwaondoa wageni waliokuwa hapa. Televisheni za nchi za nje zilionyesha wageni wakipanda mabasi na mizigo yao, na juu ya picha hizo liliandikwa neno moja tu, Mombasa. Asubuhi iliyofuata niliandaa kifungua kinywa cha watu mia moja na zaidi, nao waliokuja hawakufika ishirini. Mikate ya mayai na mahamri tuliyagawia walinzi na watunza bustani. Kabla ya miezi miwili kwisha, nilikuwa miongoni mwa waliopewa barua za kusimamishwa kazi.

Sasa niambie, Mwalimu, mimi ningejibu nini? Hakuna aliyenisingizia. Mwandishi alisema kweli kwamba kuna hatari, lakini hakusema kwamba kutoka lilipolipuka bomu hadi jikoni kwetu ni safari ya gari, wala hakusema kwamba watu wa mji huo huo siku ile walikwenda sokoni, shuleni na kazini. Ukweli uliokatwa nusu una madhara ambayo hayana mlango wa kupelekea malalamiko.

Kwa haki, nitasema pia lililo jema. Wageni wa nje walipopungua, baadhi ya redio na televisheni zetu zilianza kuwahimiza Wakenya wenyewe kuja pwani wakati wa likizo. Nilirudi kazini baada ya mwaka mmoja na nusu, na wageni wa kwanza niliowapikia walikuwa familia kutoka Nakuru na Meru. Kwa hiyo chombo kilichoninyima kazi, ndugu yake alisaidia kunirudisha.

---

Kalamu ya Zamani

Mwalimu na Mpishi, asanteni. Nimekuwa mwandishi wa habari hapa pwani kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuacha, na naona ni wajibu wangu kueleza mambo yanavyokwenda upande wa pili wa meza, kwa sababu msomaji akielewa jinsi habari inavyolipwa ataelewa mengi anayoyaona kila jioni.

Wengi wetu tunaoandika kutoka nje ya Nairobi hatuna mshahara. Tunalipwa kwa kila habari inayochapishwa au kutangazwa. Habari isiyotoka haina malipo, hata kama umetumia siku mbili na nauli yako mwenyewe kuitafuta. Niliwahi kuandika kuhusu mitaa ya Kongowea iliyokaa majuma matatu bila maji, ilhali mji huu unategemea mabomba ya kutoka Mzima na Baricho ambayo kila mtu anayajua. Nilikuwa na maelezo ya wakazi, bei ya mtungi kwa wauzaji wa mikokoteni, na jibu la wahusika. Habari ile ilikaa kwa mhariri hadi ikapitwa na wakati. Juma hilo hilo nilituma sentensi tano kuhusu vijana waliovamia duka kwa mapanga, na ilikuwa hewani kabla sijafika nyumbani. Mtu mwenye watoto hujifunza haraka ni habari ipi ya kutafuta. Sisemi haya kuwatetea waliomdhuru mpwa wa Mwalimu. Nasema kwamba aliyepeleka picha ile alilipwa kwa picha, na hakuna ambaye angemlipa kwa kurudi Jumamosi kuuliza kama vijana wameachiliwa.

Hata hivyo, nisingependa uzi huu uwafanye vijana wadhani kwamba tungekuwa salama zaidi bila wanahabari. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakapoteza maisha. Feri hiyo ilikuwa imebeba abiria wengi kupita kiwango chake. Hadi leo, kila feri inapoharibika katikati ya mkondo au ubao wa kushukia unapogoma, kuna mtu mwenye kamera anayeuliza mwaka ule tulijifunza nini. Msimamizi anayejua kwamba ataulizwa jioni hufanya kazi tofauti na asiyeulizwa.

Tena kuna madhara mengine yanayotokana na kunyamazishwa. Katika mji huu huu alizaliwa Abdilatif Abdalla, ambaye mwaka 1969 alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Tusidhani mambo hayo ni ya zamani tu. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, serikali ilizima mitambo ya vituo vikubwa vya televisheni, na vingine vilikaa gizani kwa siku kadhaa hata baada ya mahakama kuagiza virudishwe. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru matangazo ya moja kwa moja yasitishwe, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo. Mwalimu anazungumzia mtu mmoja aliyenyimwa jibu. Chombo kikizimwa, wanaonyimwa jibu ni watu wote kwa pamoja.

---

Mwana wa Likoni

Shikamoo Mwalimu, na shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni kijana wa kike, nimezaliwa ng'ambo ya Likoni, na kila siku navuka kwa feri kwenda kazini. Kwa heshima zote nina pingamizi juu ya hoja ya Mwalimu.

Mwalimu anasema madhara yanatokea pale anayesemwa anapokosa njia ya kujibu. Lakini sisi vijana habari tunazipata kwenye simu, katika WhatsApp, Facebook na TikTok, ambako kila mtu anaweza kumjibu kila mtu papo hapo, bila mhariri wa Nairobi wala saa tano usiku. Kwa kipimo cha Mwalimu, huko ndiko habari zingekuwa safi kuliko kote. Kila mtu aliye na simu anajua kwamba sivyo.

Tarehe 29 Septemba 2019 gari lililokuwa na mama na mtoto wake wa miaka minne liliteleza kutoka kwenye feri na kuzama katika mkondo wa Likoni. Kulikuwa na watu waliorekodi. Nilikuwa nyumbani, na kabla hatujajua ni nani aliyezama, video ilikuwa imefika katika makundi manne niliyomo. Mama yangu aliiona kwenye simu yangu, akaweka kiganja mdomoni, kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Na mumewe ameshaambiwa?" Miili ilikuja kupatikana siku ya kumi na tatu. Katika siku zote hizo tulizisoma nadharia za watu ambao hawajawahi hata kuuona mkondo wetu, wakimhukumu marehemu, wakiihukumu familia yake, na wengine wakiwadharau wapiga mbizi. Wapo waliowajibu. Nilijibu mimi mwenyewe hadi vidole vikachoka. Majibu yetu yalifika kwa wachache, ilhali uzushi ulikuwa umeshafika Mandera.

Na bado siwezi kusema kwamba kamera za siku zile hazikuwa na faida. Naamini, na nitabaki na imani hii, kwamba lau wanahabari hawangepiga kambi pale kivukoni siku kumi na tatu mfululizo, juhudi za kuwatafuta zingelegea mapema. Sisi watu wa ng'ambo tunajua jinsi tunavyosahauliwa.

Kwa hiyo nauliza: ikiwa kila mtu anaweza kujibu na bado mambo yameharibika, tatizo liko wapi?

---

Mwalimu wa Kibokoni

Marahaba binti yangu, na Mungu akubariki. Umeitikisa hoja yangu mahali ambapo ilikuwa dhaifu, na nimekaa siku mbili kabla ya kukujibu.

Nakubali kwamba niliisema nusu. Haitoshi mtu kuwa na mdomo wa kujibu. Jibu lake lazima lifike kwenye masikio yale yale yaliyosikia maneno ya kwanza, na lazima kuwe na mtu anayeyabeba maneno hayo ya kwanza kwa jina lake. Barazani yote mawili yalikuwepo bila mtu kuyapanga: waliosikia tuhuma ndio waliosikia jibu, na aliyetuhumu alijulikana. Masahihisho ya saa tano usiku yalikuwa jibu kwa masikio mengine. Video uliyoipokea katika makundi manne haikuwa na mwenyewe, na kila aliyeituma aliitanguliza kwa maneno yale tunayoyajua, "imetumwa kama ilivyopokelewa", kana kwamba maneno hayo yanamwondolea dhamana. Mimi nasema hayamwondolei. Anayepeleka habari amekuwa mtangazaji, hata kama wasikilizaji wake ni watu kumi wa ukoo wake.

Mpishi naye amenifundisha kwamba kuna dhuluma isiyo na mdhulumiwa mmoja. Wapishi, wahudumu, wavuvi wanaouza samaki hotelini, akina mama wa vikoi na shanga ufuoni, wote walipata hasara kwa neno moja lililoandikwa juu ya picha. Hapo haki ya kusahihishiwa haisaidii sana. Kinachosaidia ni kuwa na sauti zetu wenyewe zinazotangulia kusikika, na kwa hili nimeridhika kuona kwamba tangu hewa ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, Mombasa imepata redio zinazotangaza kutoka hapa na kuwazungumzia watu wa hapa, kama vile Baraka FM, Radio Rahma na Pwani FM ya shirika la taifa. Huko ndiko ninakosikia mwezi umeandama wapi, bei ya samaki imefikaje, na feri ngapi zinafanya kazi leo.

Ngoja niseme neno kuhusu lugha, maana ndiyo kazi yangu na siwezi kuipita. Mwaka 1928, mwaka ule ule redio ilipoingia Kenya, ulifanyika mkutano hapa Mombasa uliochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo watoto wa Kibokoni walisikia redioni "njia", "nchi" na "macho", huku nyumbani wakisema "ndia", "nti" na "mato". Mimi mwenyewe nililipwa mshahara ili niwasahihishe. Redio iliwaunganisha watu wa Afrika Mashariki kwa lugha moja, na hiyo ni neema ambayo sitaidharau, lakini iliwafanya pia baadhi yetu tuionee haya lugha ya mama zetu. Siku hizi nasikia Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, hewani bila aibu, hasa katika vipindi vya mashairi na vya asubuhi, na moyo wangu unafurahi.

Sasa nirudi kwenye jambo zito zaidi. Katika kuchunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na ripoti yake ilizitaja baadhi ya redio za lugha za kienyeji miongoni mwa vilivyochochea chuki. Mtangazaji mmoja wa redio, Joshua arap Sang, alifikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na kesi yake ilikomeshwa tarehe 5 Aprili 2016 bila hukumu ya hatia. Nchini Rwanda, wahusika wa redio ya RTLM na wa gazeti la *Kangura* walipatikana na hatia mjini Arusha mnamo Desemba 2003 kwa mchango wao katika mauaji ya mwaka 1994. Ninapoyasoma hayo, kinachonitisha ni urahisi wake. Mtu anakaa chumbani peke yake, anazungumza kwa lugha ya mama, na maneno yake yanaingia katika maelfu ya nyumba ambazo ndani yake hayumo yule anayesemwa. Laiti angekuwemo, mwenye nyumba angeona haya kuiacha redio ikiwa wazi.

Kuhusu maadili ya watoto, ambayo ndiyo hasara iliyojaa madaftari ya wanafunzi wangu, nitasema machache. Kanuni zipo: yale ya watu wazima hayaruhusiwi hewani kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Kinachonikera mimi ni bahati nasibu. Nimesikia kwa masikio yangu kipindi cha asubuhi kikikatizwa tena na tena ili wasikilizaji watume shilingi chache wapate maelfu, na nimemwona mwendesha tuktuk akituma pesa ya mafuta kabla hajapata abiria wa kwanza. Mnamo Aprili 2025 bodi iliyosimamia kamari nchini wakati huo ilisitisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na katika kipindi hicho nikasikia jinsi asubuhi inavyoweza kuwa tulivu. Kalamu ya Zamani ametueleza kwamba habari ya maji ya Kongowea haina mlipaji. Kamari inaye.

---

Kalamu ya Zamani

Mwalimu, nakubaliana nawe juu ya kamari, ila usisahau kwamba pesa hizo ndizo zinazolipa umeme wa vituo vingi. Mwandishi wa habari za maji hatapatikana bure. Ikiwa wasomaji na wasikilizaji hatutaki kulipa, atalipa mwingine, na anayelipa huchagua.

Nina swali la binafsi, ukiridhia. Habari ile ya mpwa wako bado ipo?

---

Mwalimu wa Kibokoni

Ipo. Hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu sasa na si miaka ile. Mwezi uliopita kijana alipata nafasi ya kazi ya milango na makabati katika jengo jipya huko Nyali. Mwajiri aliliandika jina lake kwenye intaneti, na video ya taarifa ile ya Ijumaa ikatokea ya kwanza. Masahihisho hayapo popote. Yalisomwa hewani mara moja yakapotea, ilhali tuhuma imehifadhiwa.

---

Kalamu ya Zamani

Basi usiliache. Andika barua kwa mhariri, utaje tarehe na saa ya taarifa ya kwanza na ya masahihisho, uweke anwani ya ukurasa ambapo video ipo, na uitaje Ibara ya 35, kifungu cha pili. Omba moja tu kati ya mambo mawili: video ifutwe, au masahihisho yabandikwe juu yake pale pale. Nakala iende kwa Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya. Ambatisha barua ya polisi, lakini peleka nakala, usitoe ya asili. Nikiwa na rasimu yako nitaipitia jioni hiyo hiyo.

---

Mwana wa Likoni

Mwalimu, nami nitakusaidia kuichapa. Kijana mwenyewe pia aandike maelezo yake kwa mkono wake, kwa sababu katika yote tuliyoyasoma hapa bado hatujamsikia yeye.

---

Mwalimu wa Kibokoni

Umesema kweli, binti yangu, na nimeona aibu kwamba hata mimi nimemsemea. Nitampelekea karatasi leo baada ya Magharibi. Barua ya polisi ninayo, iko ndani ya bahasha ile ile ya kaki aliyokuwa akienda nayo dada yangu. Rasimu nitaiweka hapa Jumapili, In Shaa Allah, yake ikiwa ya kwanza na yangu chini yake.